Robo Rupia Iliyolala Tumboni Mwangu

Ukitaka kuijua harufu ya hela za Mjerumani, chukua msumari wenye kutu, uviringishe kwenye soksi ya mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Kaliua, kisha ufukie ndani ya tumbaku ya Usoke masika nzima. Hapo utakuwa umekaribia. Bibi yangu alizitunza kwenye kopo chini ya kitanda, nyumbani kwetu Cheyo, urithi wa baba yake aliyewabebea wazungu mizigo. Zilikuwa nyeusi, nyingine zimeota ukoko wa kijani kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Bibi akifungua lile kopo, paka alitoka nje. Na mimi nilitamani kumfuata, ila paka hakuwa na shida ya ada.

Maana mwaka ule nilifaulu darasa la saba, jambo lililowashangaza hata walimu wangu. Bibi akatangaza kwamba kopo lile litanisomesha mpaka kidato cha nne. Mnunuzi wa hela kuukuu mjini alikuwa Bwana Nasoro, mwenye duka la vitambaa, mtu wa ukoo wa Omani. Huyu hakununua kwa pupa. Kwanza alimtazama yule mfalme wa Kijerumani aliyevaa kofia yenye ndege juu. Kama sharubu bado zinaonekana unywele mmoja mmoja, na ndege ana manyoya, basi hela haijachoka. Kama mfalme amebaki na kipara na ndege amekuwa kama andazi, imechoka. Halafu rangi: hakutaka weusi mfu wa masizi, alitaka ule ukiugeuza juani unacheza bluu na zambarau kama shingo ya njiwa. Mwisho, Mungu anisamehe, aliilamba. Hela iliyopita kwenye viganja vya wauza migebuka, kwenye vibindo na makwapa ya wapagazi, yeye anaitolea ulimi polepole huku kafumba macho kama anaonja chumvi ya mchuzi! Sisi watoto tulijazana barazani kumtazama, na mimi nilikuwa natema mate kwa niaba yake.

Siku moja kabla ya kwenda kwake, Bibi akamwaga kopo lote uani, akaleta beseni, ndimu na majivu. "Siendi kwa watu na uchafu," akasema. "Kizuri chajiuza, mume wangu." Ndivyo alivyoniita siku zote, mume wake, mume asiyejua hata kufua kaptula yake. Akaanza kusugua. Mimi, kumchekesha, nikaokota robo rupia, ile ndogo kuliko zote, nikafumba macho nikailamba kama Bwana Nasoro. Bibi akacheka mpaka akanipiga kofi la mgongo. Gluk. Ikaenda.

"Iko wapi?" akauliza.

Nikaonyesha tumbo.

"Hasara! Nimeolewa na kibubu!"

Safari ikaahirishwa. Nikalishwa ugali na mlenda mpaka nikachukia dunia, na kila nikienda chooni Bibi alinifuata na kijiti kama askari wa mgambo. Ilipopatikana sitaeleza. Nitasema tu kwamba Bibi aliimwagia maji ya kopo akiwa kageuza uso, na nilipomwambia aisugue kama wenzake akang'aka, "Hiyo haiingii kwenye beseni langu!" Akaifunga peke yake kwenye pindo la khanga, mbali na zile zilizong'aa kama vijiko vya harusi.

Bwana Nasoro alitupokea kwa heshima. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Bibi akafungua zile za kung'aa, anatabasamu. Bwana Nasoro akailamba moja, akatema palepale barazani.

"Ndimu!" Uso ulimkunjamana kama kaona mzoga. "Bibi, mmezichuna ngozi. Hizi sasa ni fedha ya kupima kwenye mizani tu, nimpelekee sonara."

Niliona mkono wa Bibi unatafuta pindo la khanga, unasita, unafungua. Bwana Nasoro akaipokea ile robo, akaigeuza juani. Shingo ya njiwa tupu. Sharubu zote zipo. Nikajua kinachofuata, nikashika nguzo.

Akailamba. Akaonja. Akairudia.

"Hii haijaguswa," akasema kwa raha. "Mliihifadhi wapi?"

"Mahali pa joto, mwanangu," akajibu Bibi, huku kanikanyaga kidole.

Ilitulipa vizuri, yenyewe peke yake kuliko kopo zima. Lakini hesabu ilifika kidato cha pili, ikakata pumzi, na mimi nikakata nayo.

Siku hizi nachaji simu za watu karibu na stesheni, na vijana wananiletea picha za hela kuukuu. Hakuna anayelamba tena. Wanazikuza kwa vidole viwili kwenye kioo, wanabishana na mnunuzi wa mbali wasiyemjua. Ustaarabu umeongezeka. Lakini bado wanazisugua kwanza, sasa kwa dawa ya meno, na nikiona mng'ao ule mate yananijaa, nasikia mlenda unapanda. Nawaambia waziache na uchafu wake. Wananicheka: mzee wa kidato cha pili atafundisha nini? Kweli. Ila mimi najua shule yangu ilikatikia wapi: nusu niliyosoma ilitoka tumboni mwangu, na nusu nyingine Bibi aliisugua kwa ndimu, kwa mapenzi yake yote, mpaka ikang'aa.