Masufuria Mbele ya Redio

Jamani, acha niaibike mara moja tuimalize, maana Ifakara nzima wanaijua hii habari na kila mtu anaisimulia vibaya. Redio yangu mimi ni mashine (spika mbili, kila moja inanifika kifuani), na nilishaachana na waya, muziki unatoka kwenye simu kwa blututhi, na ule ugonjwa wa kukwamakwama niliutibu mwenyewe: nyimbo napakua kabisa, data nazima, sauti inatiririka. Kwa hiyo dada yangu Modesta alipotaka kukodi watu wa muziki kwa ajili ya sendofu ya kumuaga binti yake anayeolewa, nilikuja juu. "Dada, unanidharau? Wakwe wanatoka Mlimba, waache waje wasikie muziki."

Siku yenyewe akaniuliza, "Kaka, waya umebeba?"

"Waya ni mambo ya kizamani."

Basi wakwe wakakaa, mimi meza ya mbele na simu yangu na miwani myeusi, kina mama wakaanza kuingia wakicheza, zawadi kichwani, masufuria na mabeseni, na mnatujua, zawadi lazima ionekane, wakazipanga mbele kabisa, palepale penye redio, ghorofa juu ya ghorofa. Redio ikashikwa na kigugumizi. Mama mmoja kainua mguu, muziki umekata, akabaki vile kama korongo. Nikainua simu juu, nikazunguka nayo, nikapanda kiti (ndiyo, kiti), wapi! Wakwe wanatazamana, Modesta machozi yanamlengalenga, na binti yake yuko mlangoni anasubiri wimbo wa kuingilia.

Shangazi yetu Fides akasimama. "Sasa mtoto asubiri simu?" Akachomoa sufuria na mwiko, akapiga. Wenzake nao wakabeba, kila mtu lake, wakaimba, vigelegele, binti akaingia anacheka, wakwe wote wakainuka kucheza. Mbele ya redio hapakubaki hata beseni.

Na hapo ndipo redio yangu, masufuria hayaizibii tena blututhi njia, ikalia safi, bila kukwama hata kidogo!

"Mnasikia?" nikapaza sauti palepale juu ya kiti, kifua mbele. "Sikieni mziki huo!"

Watu wote, wakwe wakiwemo, wakanigeukia: "Zima!"

Nikazima. Tangu siku hiyo sipeleki redio kwenye shughuli bila waya, naapa. Lakini ile sauti, kabla sijaizima... safi, jamani!