Droo Thelathini za Mama

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nimempa mgongo muuza duka, nachagua nyanya zilizopangwa mafungu barazani kwake, nikasikia nyuma yangu mkwaruzo mdogo, mkavu, kisha sarafu ikadondoka juu ya bati. Krr. Ting. Alikuwa anatafuta chenji yangu kwenye kiboksi cha kiberiti, basi. Lakini mimi, mtu mzima mwenye mfuko wa vitunguu mkononi, nilikuwa nimesharudi Korogwe, nimelala mkekani na mdogo wangu Rajabu, macho bado nimeyafumba, na Mama jikoni ameshaanza siku.

Ndivyo siku zote zilivyoanza nyumbani kwetu. Krr, droo inavutwa. Ting, hela ya leo inaangukia kwenye kibakuli cha bati. Kwa mlio huo tu nilijua tutakula nini. Ting moja nzito ilikuwa mchicha na nazi. Ting tatu nyepesi zilikuwa dagaa. Kimya baada ya krr kilimaanisha noti, na noti ilimaanisha nyama ya Ijumaa.

Mama alikuwa na kipande cha ubao alichokibandika viboksi thelathini vya kiberiti, kwa uji mzito wa unga wa muhogo, mistari mitano ya viboksi sita sita, kila kimoja na namba yake ya wino mwekundu. Sisi tuliuita kabati. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Mazinde, akirudi kila Jumamosi na harufu ya mkonge mbichi nguoni. Mshahara wake ulipoingia mwisho wa mwezi, Mama alinunua vitu vizito kwa mkupuo: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari. Hela iliyobaki aliimwaga mkekani, akaigawa droo kwa droo. Hiyo ilikuwa ya mboga, chumvi, maji ya ndoo na mafuta ya taa. Droo moja, siku moja. Ukimwomba ya kununulia barafu, hakukugombeza. Aliutazama ubao kama anautazama uso wa mtu, akasema, "Hiyo ni ya kesho. Na kesho nayo inakula."

Nilikuwa naiogopa hiyo kesho. Niliiwaza kama mgeni mnene, mwenye tumbo kubwa, ameketi ndani ya kiboksi anasubiri sahani yake.

Chini kabisa ya ubao, peke yake, ilikuwepo droo ya thelathini na moja. Mwanzo wa mwezi haikutiwa kitu. Humo ziliingia chenji: nyanya zikishuka bei kwa sababu gari la Mombo limekuja limejaa, hamsini ikabaki, hamsini ikaenda kulala chini. Mwezi ninaousimulia, likizo ilikuwa imeanza, nami nilikuwa na miaka tisa. Mama aliniahidi kwamba droo ile ikifika nauli, nitakwenda Handeni kwa Bibi, mama yake Baba. Kila jioni niliitikisa kwenye sikio. Ilikuwa inanenepa.

Tarehe kumi na mbili, Bibi akaja mwenyewe.

Alishuka na kikapu cha mlenda mkavu, kuku mmoja mwenye hasira, na kicheko chake kilichoingia ndani kabla ya miguu. "Yuko wapi mke mwenzangu?" akauliza, maana Bibi na mjukuu wake wa kike, kwetu, ni wake wenza wa utani, na mume wanayemgombania ni Baba. "Nimekuja kumwangalia mume wangu. Nasikia unamkondesha."

"Mume wako mwenyewe yuko Mazinde," nikamjibu. "Kakukimbia."

Tulicheka sana. Usiku ule nikapiga hesabu kwa vidole na kicheko kikanikauka. Nauli ya kumfuata Bibi ilikuwa imeanza kuliwa na Bibi.

Na si yeye peke yake. Bibi alikuwa na namna yake ya kupika ugali. Alikuwa akipima unga kama Mama anavyopima, sawasawa kabisa, halafu anachota konzi moja ya ziada, anaitupia sufuriani na kusema, "Na huyu anayekuja."

"Nani anakuja, Bibi?"

"Nitamjuaje? Hajafika."

Ajabu ni kwamba alifika. Kila siku alifika. Mara kina mama wawili wa kijijini kwao waliomleta mgonjwa hospitali, mara mzee aliyekuwa anapita kwenda Vugiri kutafuta mbegu za viazi, mara mtu ambaye hata Bibi alimwuliza jina la baba yake mara mbili kabla ya kumkumbuka. Habari kwamba Bibi yuko Korogwe ilikimbia kuliko basi. Wakaja, wakaamkiwa, wakala. Ugali ulitosha kwa sababu ya ile konzi, lakini mboga haikuwa na konzi. Mboga ilitoka kwenye droo.

Mama hakuweza kusema. Nani atamfundisha mama mkwe wake kupika? Siku moja alijaribu. "Mama, huo unga..."

"Ee, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Nasema umesagwa vizuri."

Akatoka nje kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Tarehe kumi na tisa Mama alifungua droo ya ishirini na tatu. Asubuhi ile nilisikia krr mbili, nikajua kesho imeanza kuliwa na leo. Jioni Bibi akatangaza, kwa furaha, "Kesho Alhamisi kuna mtu wangu atakuja, akitoka mnadani. Loserian. Anakaa jirani na sisi kule Handeni, ana ng'ombe wake." Mama akatabasamu kwa mdomo. Mimi sikutabasamu kwa chochote. Mfugaji mrefu, nikawaza, tena anatoka mnadani na njaa.

Kesho yake Mama na Bibi walikwenda msibani mtaa wa pili. Mimi nikaachwa na Rajabu na nyumba. Saa sita hivi, hodi.

Alikuwa mzee mwembamba, shuka jekundu limepauka mabegani, fimbo mkononi, vumbi mpaka magotini. Alininyoshea kiganja, maana kwao mtoto huinamisha kichwa na mkubwa humgusa utosini. Nililijua hilo vizuri sana. Sikuinama. Nilisimama katikati ya mlango, mkono kwenye komeo.

"Shikamoo," nikasema, kichwa juu.

"Marahaba, mwanangu. Bibi yupo?"

"Katoka."

"Na mama?"

"Naye katoka. Na leo hatupiki."

Akalitazama jiko uani, moshi unatoka, maharage yanachemka. Macho yake yakanichanganya, nikaongeza maneno ambayo mpaka leo yakinijia njiani nafumba macho: "Droo ya leo tulishaila. Tunakula za wiki ijayo. Na ndani yake wewe humo."

"Mimi simo?"

"Humo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei na kuona ni ya haki. Akaomba maji. Maji tulikuwa tunanunua kwa ndoo, kwa hiyo nikamletea nusu kikombe. Akanywa, akashukuru, akasema, "Mwambie bibi yako Loserian alifika. Nitarudi Alhamisi nyingine." Nikaufunga mlango, nikasukuma komeo kwa mikono miwili, nikajiona nimeiokoa nyumba.

Bibi aliporudi akauliza kama kuna mtu aliyekuja. Nikasema hapana. Rajabu alikuwa na miaka minne. Nilimpa kipande changu cha muwa, naye hakukumbuka kitu.

Jioni Bibi alikaa mlangoni mpaka magharibi ikaadhiniwa. Ndipo akaja jikoni, akamwambia Mama kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Mwanangu, sikuja kukukalia. Nilimpa Loserian mbuzi wangu wawili awauze mnadani, aniletee hela hapa. Nilitaka nikushtue nayo. Naona unavyofungua vile viboksi vyako viwili viwili. Nilisema Alhamisi vitajaa."

Siku hizo hela ilikuwa haijaanza kutumwa kwa simu. Ilikuja kwa miguu, ndani ya fundo la nguo ya mtu. Na mtu huyo nilikuwa nimempa nusu kikombe cha maji nikamfungia mlango.

Wiki iliyofuata ilikuwa wiki ya mlenda. Mlenda asubuhi, mlenda jioni, kisamvu bila nazi, siku moja dagaa saba kwa kila mtu, tena kwa kuhesabiwa. Rajabu alikula vichwa kwanza, akidai hivyo wanakuwa kumi na nne. Bibi alitutania kwamba mlenda ukila wiki nzima unateleza mpaka unafika Handeni bila nauli. Jumanne nilisikia krr ya mwisho, ya droo ya thelathini. Jumatano krr ilikuwa ya chini kabisa, na nilijua ni ipi kabla ya kuamka. Nauli yangu ilinunua chumvi na mafuta ya taa.

Lakini nauli haikuniuma kama Jumamosi. Baba alirudi, akasimuliwa, akanawa mikono, akasema, "Mama, huyo kashakula mbuzi wako. Sahau."

"Usimseme mtu ambaye hayupo," Bibi akamwambia.

"Yupo wapi sasa? Angekuwa mwaminifu angefika."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa kwangu. Nililisikia limekaa mdomoni kama kokwa la embe. Mtu anaitwa mwizi nyumbani kwetu, mbele ya watoto, na mimi nalamba vidole. Bibi alinigeukia. "Mke mwenzangu leo hana utani?" akauliza. Nikasema tumbo linaniuma.

Alhamisi nilikuwa mlangoni tangu chai. Hodi ilipopigwa nilifungua kabla haijamalizika, nikainama mpaka kidevu kikagusa kifua, nikakaa hivyo, nikitazama kandambili zake za tairi na vumbi lake. Kiganja kilichelewa kidogo. Kisha kikashuka utosini, kikavu na chepesi.

"Leo nimo?" akauliza kwa sauti ya mimi na yeye tu.

"Umo," nikasema.

Ndani Bibi alipiga kigelegele. "Loserian! Wiki nzima unaniweka roho juu!"

"Wiki iliyopita nilifika, Bibi," akasema, akiegemeza fimbo ukutani. "Nikakuta mlango umefungwa. Nikasema nitarudi."

Bibi aliniangalia, muda wa kutosha kuchambua konzi ya mchele, kisha akarudi kwenye sufuria. Akapima unga. Alipofika kwenye ile konzi ya mwisho alininyoshea bakuli la unga, nikaichota mimi kwa mkono wangu.

Loserian alikula taratibu, akasifu mlenda ambao sisi sote tulikuwa tumeuchukia. Kisha akafungua fundo kwenye pembe ya shuka lake, akaziweka noti mbele ya Bibi, moja moja. Mama alikataa mara mbili kama adabu inavyotaka. Mara ya tatu akaleta ubao. Siku nne tu zilibaki za mwezi, lakini Bibi alisisitiza kila droo ilambe kitu, hata zile zilizopita, zisije zikajisikia vibaya. Ya thelathini na moja aliijaza mwenyewe. "Hii ya mke mwenzangu," akasema. "Aje Handeni aone kama kwangu kuna viboksi."

Nilikwenda, kabla likizo haijaisha. Hakukuwa na viboksi. Kulikuwa na mbuzi wa Bibi, kumi na mmoja, wanaolala kwenye zizi la Loserian pamoja na wa kwake, wanachungwa na wanawe, wananyweshwa wakati wa kiangazi kwenye maji anayoyajua yeye. Nikamwuliza Bibi anamlipa kiasi gani. Akashangaa. "Akipita anakula," akasema. Ilinichukua miaka mingi kulielewa jibu lile. Mama aliipanga hela ili mwezi ufike mwisho. Bibi naye alikuwa anapanga, tena kwa ukali uleule wa Mama, ila akiba yake ilitembea kwa miguu na kugonga hodi, na mtoto wa miaka tisa aliyejua kuhesabu vizuri alikaribia kuifukuza. Leo nina kopo langu la hela ya mboga, mjini, na huwa nalimaliza tarehe ishirini na nane nikijitahidi. Lakini pembeni nimeweka kiboksi kimoja cha kiberiti kisicho na namba.

Jambo jingine nililielewa nikiwa nimeshaanza kujinunulia chakula mwenyewe. Alhamisi ile ya kwanza, mzee yule aliondoka kwetu na noti za mbuzi wawili kwenye fundo lake na nusu kikombe cha maji tumboni, na kwa wiki nzima hakulifungua fundo lile hata kwa andazi.

Lakini mchana ule wa Alhamisi ya pili, Loserian alipomaliza kula, sikuwa nimefika huko. Nilijua tu kwamba ameshiba na anaondoka, na kwamba sina namna ya kumwomba radhi mbele ya watu bila kuyafanya aliyoyaficha yaonekane. Nikamsindikiza. Kizingitini nikainama tena, akanigusa tena, akatoka juani. Nilibaki nimeshika mlango wazi. Sikuweza kuufunga nyuma ya mgongo wake. Alikwenda hatua kadhaa, akageuka, akaniona nimesimama vilevile. Akarudi, akacheka kidogo puani.

"Kuku wataingia, mwanangu," akasema, akaushika mlango kwa nje, akaufunga yeye mwenyewe.