Ziwa Linaungua

Mjukuu wangu Akinyi alifunga kamera kwenye darubini yake hapa uani, akapiga picha ya wingu lililo mbali kule kwenye nyota. Lilitoka jekundu kama makaa.

"Dani, humo ndani nyota zinazaliwa," akaniambia mimi bibi yake. "Macho hayalioni. Nimeweka kioo kinachopitisha wekundu wa aina moja tu."

Sikubishana naye, ingawa mjuzi huyo wa nyota hata ugali wake hauivi. Wingu kama hilo niliwahi kuliona nikiwa mtoto, Muhuru Bay, kando ya ziwa, mchana, kwa karatasi ya peremende inayopitisha mwanga.

Mama alikuwa ameniweka nilinde omena, wale dagaa wadogo, iliyoanikwa kwenye nyavu, ya kuuzwa kesho yake Migori. Mchanga ulichoma na harufu ya samaki ilinikaa kooni. Nikaweka karatasi nyekundu jichoni, nikatazama ziwa. Wingu lilikuwa linapanda kutoka majini, jekundu, likijikunja kama moshi. Leo najua walikuwa wale wadudu wa ziwa tu, wanaoruka kwa makundi mazito kama wingu. Siku ile niliamini karatasi imefichua moto ambao macho hayauoni.

"Mama! Ziwa linaungua!"

Wanawake wakaja mbio. Mama akaninyang'anya karatasi, akachungulia ziwani. Kisha akawageukia wenzake, karatasi bado jichoni.

"Yawa! Mama Otieno, umekuwa mwekundu kama nyanya!"

Mama Otieno naye akataka kuona, wa tatu akamvuta mkono. Walipomaliza kuchekana, kuku walikuwa katikati ya nyavu, wameshiba omena.

"Wewe! Nilikuambia uchunge nini?"

Mama alinichapa kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa bado umeshika karatasi jichoni.