Nimeandika wosia, wamekuja kuniombea

Jamani, leo nimeombewa kama mgonjwa na sina hata mafua.

Asubuhi nilikaa na daftari kuandika wosia. Mali yangu kubwa ni cherehani. Nataka siku nikiondoka iwe ya binti yangu Neema, ana miaka miwili, asije mtu akaibeba.

Mama mkwe akaingia, katokea Nduruma kutusalimia. Akaliona daftari mezani, akasoma mstari wa kwanza: "Nikifa."

Hakuniuliza kitu. Akatoka nje na simu.

Haikupita saa, akina mama wanne wa jumuiya ya kanisani wako mlangoni na chupa ya mtori, ile supu ya ndizi ya wagonjwa.

"Mama Neema, daktari amesemaje?"

"Shikamooni. Mimi ni mzima kabisa."

"Ndiyo, mwanangu. Tunapokea kwa imani."

Nikalazwa kitandani, nikawekewa mikono. Nilijaribu kuinuka, nikarudishwa.

Baada ya amina ndipo nikapata nafasi ya kueleza. Siumwi. Natafuta mashahidi wawili tu wa kusaini, na shahidi haruhusiwi kurithi.

"Si ungesema," mama mkwe akajibu. Akashika kalamu, akasita.

"Kwa hiyo nikisaini, mimi sipati kitu?"

"Hupati, mama."

Akaiweka kalamu chini taratibu. "Basi waanze wenzangu. Mimi lile blanketi la maua nalipenda."

Wenzake nao wakaanza kuangalia sufuria zangu.

Mpaka sasa wosia una saini moja, yangu. Mnaonipenda na hamtaki chochote changu, jitokezeni hapo chini. Wawili tu, kwa ajili ya Neema.