Dodoki Nyuma ya Wodi

Acheni niseme mwenyewe, kabla wenzangu wa kambini hawajanisemea. Mume wangu ana uvimbe adimu wa ngozi, katikati ya mgongo pasipofikika kwa mkono. Daktari wa Kigoma alipanga kuukata, akaonya usisuguliwe kwa kuwa hufura. Nilidhani anawaonya watu wengine, si mke.

Asubuhi ya upasuaji nikampeleka bombani nyuma ya wodi, nikamsugua mgongo wote, wasije wakasema wakimbizi hatuogi. Uvimbe ukafura kama yai, naye akashikwa na kizunguzungu.

“Nani kausugua?” daktari akauliza.

“Ni mimi,” mume wangu akajibu kwa upole. “Uliniwasha.”

Daktari akageuka kunitazama. Dodoki lilikuwa bado mkononi mwangu, linachuruzika povu.