Sauti ya Mama Kwenye Albamu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu anaimba hevi metali. Nalisema mapema, anayetaka kucheka acheke sasa tumalizane. Mbagala nzima ilishacheka. Mtoto wa watu wa Masasi, aliyekhitimu Kurani akachinjiwa mbuzi, leo anavaa buti nyeusi mpaka magotini kwenye joto hili na kukoroma kwenye kipaza sauti kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Majirani waliuita muziki wa majini. Mama akiulizwa mwanawe wa kiume anafanya kazi gani, hujibu, "Yupo kwenye mambo ya muziki," halafu anauliza habari za watoto wa huyo aliyemuuliza.

Alianza na bendi ya watu wanne. Bendi ikavunjika kwa sababu ambayo kila mmoja wao anaieleza kivyake, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye kichwa kigumu kuliko wenzake, akaendelea peke yake. Alirekodi Kimara, kwenye chumba cha rafiki yake kilichozungushiwa magodoro ukutani, akawa anaziweka nyimbo mtandaoni. Hapa mjini alisikilizwa na vijana wachache wenye fulana nyeusi, wanaojuana wote kwa sura. Huko Ulaya, kumbe, alikuwa na watu. Ikafika siku kampuni moja ndogo ya huko ikamwandikia kwamba inataka kutoa albamu ya mkusanyiko, nyimbo zake bora zote tangu aanze kuimba peke yake, kwenye CD na kwenye zile santuri kubwa za zamani, na sura yake juu. Alikuja kutuambia akasahau hata kuvua buti mlangoni. Nilimfurahia. Nina ulimi mchafu lakini roho yangu si mbaya kiasi hicho.

Kisha nikakumbuka kuuliza ni nyimbo zipi zitakazokuwemo.

Kuna wimbo wake mmoja unaoitwa "Mlangoni", na ndio uliomtoa. Unaanza na sauti za watu kwa mbali, kisha mwanamke analia. Haimbi, analia. Yowe linapanda, linapanda, halafu linakatika ghafla kama limezibwa, na palepale magitaa yanaingia. Watu wa nje waliandika chini ya wimbo ule kwamba hawajapata kusikia yowe la namna hiyo katika muziki wao wote, wakauliza muigizaji huyo ni nani. Mdogo wangu aliwajibu kwa alama ya moyo.

Mwanamke huyo ni mama yetu. Siku hiyo tulikuwa tunamzika baba.

Baba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa maneno machache, na alifia nyumbani kwake. Ndugu wa Masasi ambao wasingewahi maziko waliomba warekodiwe dua. Siku hizi ndivyo ilivyo, kila msiba una mtu wa kushika simu, na kazi hiyo akapewa mdogo wangu. Aliiegesha simu dirishani. Dua ikaisha, wanaume wakanyanyua jeneza. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, tunabaki ndani, na kulia kwa kupiga kelele hakutakiwi kabisa. Mama alikuwa amejizuia tangu alfajiri, kakaa kimya na tasbihi yake, mpaka watu wakamsifu. Wakati wa kutoka, pembe ya jeneza ikagonga fremu ya mlango. Iligonga kidogo tu, kama mnavyogonga mnapohamisha kabati. Mama akapiga yowe.

Shangazi, dada yake baba, alimrukia akamziba mdomo kwa khanga. "Nyamaza wewe!" akamwambia mbele ya wanawake wote. "Unamuadhibu kaka yangu kaburini kwa kelele zako!"

Hayo mama aliyaamini. Kwamba marehemu huadhibiwa kwa makelele ya aliowaacha, alishayasikia kwa mashekhe tangu mdogo, na sasa shangazi kamwambia yamemfika mumewe. Alipomaliza eda alifunga Jumatatu na Alhamisi kwa muda mrefu mno, mpaka mashavu yakaingia ndani. Alitoa sadaka. Aliniuliza mimi, fundi mapazia nisiyejua kitu, kama Mungu akisamehe kosa la mke, adhabu ya mume inaondolewa palepale au inasubiri. Nilimwambia inaondolewa palepale. Akashusha pumzi. Akaanza kula vizuri, akarudi kucheka na majirani, nikajua limekwisha.

Na mwaka huohuo mdogo wangu akanivalisha spika za masikioni. "Dada, sikiliza hii kitu." Nililijua yowe kabla halijapanda. Nilizivua nikamzaba kofi, jitu zima lenye ndevu.

"Dada, mie sikukusudia," alisema ameshika shavu. "Nilikuwa natafuta ile dua niwatumie watu wa Masasi, nikaikuta. Nimerekodi vitu vingi, ila hiki ndo kitu cha kweli pekee nilichonacho."

"Cha kweli ni cha mama yako."

"Mama hawezi kuusikia. Mama na hevi metali wapi na wapi?"

Hapo alikuwa sahihi. Mama simu yake ilikuwa ya kubonyeza. Kwa hiyo ule wimbo ukazunguka dunia na mama akawa hapa Mbagala anapepeta mchele, hajui kitu. Nikaona video za maonyesho yake, vijana kwenye giza, na kila likifika lile yowe wanalipiga wote kwa pamoja, halafu wanajiziba midomo kwa viganja. Ndiyo ilikuwa alama yao ya kutambuana. Wanakutana stendi, mmoja anajiziba mdomo, mwingine anacheka. Nilizima simu nikashona pazia zima kinyumenyume.

Basi ilipokuja habari ya albamu nilimwambia waziwazi: weka zote unazotaka, ule utoe. Alikula kiapo. "Haki ya Mungu dada, nautoa. Hata mie umeshanichosha." Baadaye ndipo nilipojua kwamba kampuni ilishamwambia bila huo wimbo hakuna albamu, na kwamba aliwakubalia siku ileile, bila hata kufikiri mara mbili.

Kilichonimaliza ni alichofanya baada ya hapo. Alitaka uzinduzi, na uzinduzi unataka mgeni rasmi. Wengine humtafuta mbunge au mfanyabiashara. Yeye alimtaka mama. Watu walishamsema sana kwamba mtoto mwenye radhi ya mama hawezi kuimba vile, na lile neno lilikuwa limemkaa rohoni. Alitaka mama aonekane meza kuu, aifunue albamu kwa mkono wake, aseme mbele ya watu kwamba mwanangu nimemridhia. Alikuja akapiga magoti kabisa. Mama alilia kwa furaha. Alisema hajawahi kuitwa mgeni rasmi wa kitu chochote maisha yake yote, hata mahafali ya madrasa.

Nilimshonea baibui mpya. Wiki ya uzinduzi nilimuuliza tena mdogo wangu, "Ule wimbo?" Akanitazama machoni akasema, "Si nilikwambia nimeutoa, dada? Mbona huniamini?"

Ukumbi ulikuwa Kinondoni, Jumamosi mchana. Meza kuu ilifunikwa kitambaa cheupe, maua ya plastiki, maji ya chupa. Mama kakaa katikati kanyooka kama bibi harusi, shangazi kulia kwake kwa sababu alisema hawezi kukosa siku ya mtoto wa kaka yake, mimi kushoto. Chini kumejaa vijana waliovaa nyeusi tititi, minyororo mpaka kwenye suruali, wote wakipita mbele wanainama, "Shikamoo mama." Mama anaitikia marahaba kwa kila mmoja. Aliniinamia akaninong'oneza, "Kumbe wana adabu hivi?"

Mshereheshaji alimwita afunue. Mama akavuta kitambaa kilichoifunika albamu, picha ya mwanawe ikatokea, kubwa, ndevu na macho makali. Makofi. Mama akaigusa picha shavuni. Kisha mshereheshaji akasema kile ambacho wote husema kwenye uzinduzi, kwamba sasa mgeni rasmi atapigiwa wimbo uliobeba albamu. Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Zikaja zile sauti za mbali, wanaume wanaitikia amina. Halafu yowe.

Ukumbi mzima ukalipiga pamoja nalo, na mzima ukajiziba mdomo. Mama aliinuka nusu, akageuka kutazama milango. Alidhani kuna mtu kaumia. Magitaa yakaingia, na mdogo wangu akapanda jukwaani akaanza kunguruma. Wimbo ule unalirudia yowe katikati, na liliporudi mama alikuwa bado amesimama, mkono kwenye kiti. Safari hii aliwatazama wale vijana na viganja vyao mdomoni. Akaketi taratibu.

Shangazi ndiye aliyesema, na kwa sauti ya kutosha. "Wifi, si wewe huyo?"

Nilimshika mama mkono. Nilimwambia twende nyumbani, akasema ngoja. Wimbo ulipoisha mshereheshaji, kijana wa watu asiye na kosa, alimletea kipaza sauti. "Mgeni rasmi, neno kidogo kwa mwanao."

Mama alisalimia kwa salamu ya Kiislamu, wakaitikia.

"Mwanangu kaniita nimpe radhi mbele yenu," alisema. "Hiyo sauti mnayoipiga ni yangu mie. Nilimlilia baba yake siku anatolewa ndani. Nikaambiwa namuadhibu marehemu. Nimefunga, nimeomba, nikaona Mungu kanisamehe, mume wangu kapumzika. Kumbe mwanangu yupo huku, kila siku ananiliza upya." Akamgeukia mwanawe jukwaani. "Kumlaani siwezi, nimemzaa. Ila siku yangu ikifika, huyu asije. Asibebe jeneza langu, asishike udongo wangu. Watakaokuwepo watanizika. Nyie ni mashahidi."

Akaweka kipaza sauti mezani juu ya kile kitambaa, kikapiga mluzi. Mdogo wangu alikuwa amesimama jukwaani, jasho linamchuruzika, mdomo wazi. Na wale vijana, Mungu awasamehe, walidhani ni sehemu ya onyesho. Wakapiga makofi na miluzi. Mshereheshaji akasema, "Kelele nyingi kwa mama!" na wakazipiga.

Habari ilifika Masasi kabla sisi hatujafika Mbagala. Shangazi ana simu mbili. Mdogo wangu alikuja kesho yake, na keshokutwa, akalia, akasema ataiambia kampuni iuondoe ule wimbo. Santuri zilikuwa zimeshachapwa na zimeanza kwenda kwa wenyewe. Mama hakumfokea. Hajawahi kumfungia mlango. Anakuja kila Ijumaa, "Shikamoo mama," "Marahaba," anapewa sahani yake, anakula. Ila mama akikohoa tu, yeye anaacha kutafuna. Mara mbili amenipigia akiwa Kimara anarekodi kuniuliza kama mama amesema lolote, na najua anachouliza. Namjibu hajasema. Sijawahi kumtia moyo na sina mpango huo.

Mwezi uliopita alikuja siku isiyo yake. Kavaa kanzu. Akakaa kwenye mkeka karibu na mama, aliyekuwa anachagua mchele kwenye ungo, akaanza kuzunguka na maneno. Mwisho akalitoa la moyoni. Kule uzinduzi kuna mtu alirekodi maneno ya mama, yakasambaa, watu wa kampuni wakatafsiriwa. Wamesema hawajasikia kitu kama kile. Wanatoa chapa ya pili ya albamu na wanataka maneno yale yaifunge.

"Ila safari hii nimekuja kuomba ruhusa kwanza, mama," alisema, na nawaapia, alikuwa anajisikia vizuri. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejirekebisha.

Niliinuka kwenye cherehani nimtoe nje kwa kola. Mama akanipungia mkono nikae.

"Ile uliyoichukua nilimlilia mume wangu," alimwambia bila kuinua macho. "Haikuwa ya watu. Hii niliwaambia watu. Iweke, na wengine wasikie."

Mdogo wangu akatoa simu awaandikie kampuni, kidole kikasimama. Naona ndiyo kwanza yalikuwa yanamwingia, kwamba atakalolitoa kwa mkono wake ni lipi. Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo wale vijana wake wangeicheka, "Na pale pa mie nisije, niwaambie wapaondoe?"

"Sasa ukipaondoa hapo," mama alisema, "si hapabaki kitu?"

Akatoa chuya moja, akaitupa. Mdogo wangu alikuwa kashika simu, kioo kimeshazima, anamtazama. Mama akaendelea na mchele wake, kisha akamuuliza kama atakaa kula.