Zizi la Darasa la Tatu

Kila asubuhi darasa letu la tatu, kule Griftu, lilinuka mkojo wa mbuzi. Halikuwa na mlango, kwa hiyo mifugo ya jirani ililala humo, nasi tulianza siku kwa kufagia kinyesi na kumwaga mchanga mkavu penye unyevu. Harufu haikutoka ng'o. Iliingia kwenye sare, kwenye hijabu, mpaka kwenye anjera, ile mikate laini tuliyobeba ya kula saa nne. Humo ndimo mwalimu wetu wa hesabu, mgeni aliyetoka mbali, alimoamua kwamba tutajifunza kwa michezo.

Mwanzoni tulifurahi, sikatai. Mchezo wake aliuita Zizi. Kila mtoto ataje mbuzi wa kwao ni wangapi, anayefuata ajumlishe na wa kwao, na atakayekwama atambae mpaka kwenye kona na kulia mee. Sasa, kwetu mtu hahesabu mifugo yake kwa sauti mbele za watu. Ni kuita jicho baya. Mnyama anajulikana kwa rangi na sura. Wajanja wetu walibuni idadi papo hapo. Lakini Habiba, rafiki yangu wa dawati moja, hakujua kudanganya. Baba yake alikuwa amemruhusu asome muhula mmoja tu, aone kama shule ina faida. Zamu yake ilipofika akaanza: yule mweusi mwenye paji jeupe, yule aliyevunjika pembe... Mwalimu akapiga makofi. "Huyu hajui kuhesabu! Zizini!"

Lo! Habiba, aliyetushinda sote kwa kujumlisha, alitambaa juu ya uchafu ule akilia mee, na mtu mzima aliyesomea ualimu akamwambia aongeze sauti.

Kesho yake mama yake alikuja na ile sare mkononi, bado ina madoa. "Mwalimu, mbuzi iko mingi nyumbani," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nilileta msichana." Akaiweka mezani, akaondoka. Habiba hakurudi tena. Mwalimu alitucheka, eti watu hawa hawapendi elimu. Mshenzi!

Leo mimi mwenyewe nafundisha, mjini Garissa. Darasa lina mlango na linanukia sabuni. Tuna vishikwambi vyenye michezo ya hesabu, na mtoto akikosea jina lake linashuka chini kabisa mbele ya wenzake, huku kishikwambi kikimzomea. Kwenye semina ya kufunzwa kuvitumia, walimu wenzangu waliucheka mzomeo huo mpaka machozi. Mimi nilitoka nje kutema mate.

Juzi Habiba alileta binti yake aandikishwe. Chumba cha pili watoto walikuwa wakimzomea mwenzao, mwalimu akiwashangilia. "Abaayo," aliniuliza, akiniita dada kama zamani, "hapa pia mnacheza?"

Nikamwambia, "Walahi, kwangu hakuna atakayemcheka."

"Na mwakani akiwa kwa yule?"

Mtoto alikuwa ameshavua viatu vyake mlangoni. Mama yake akainama, akamvalisha tena.